Jiwe Moja Jeupe: Mzee Shuaibu na Maji ya Kwambonde

Tarehe 30 Juni 2026, saa kumi jioni, Bwana Shuaibu Mwinyikondo, msimamizi wa kikosi cha maji katika machimbo ya mawe ya Kwambonde, atakabidhi koleo, buti na kofia ngumu, na kustaafu baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne ya utumishi. Amefanya kazi chini ya mameneja saba. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kueleza maji ya mvua yanapita wapi katika shimo hili. Yeye aliweza, na leo tunamuaga kwa pilau, soda na mwavuli.

Mwavuli hakuuomba. Alichoomba ni kitu kingine, na amekiomba kwa maandishi mara tatu: barua moja iondolewe kwenye jalada lake, na watu wa Mlingotini, kijiji anakorudi kuishi, waambiwe kuwa imeondolewa. Hadi programu hii inachapwa, hajajibiwa. Tutaifikia barua hiyo, ila mambo yaende kwa mpangilio wake.

Mzee Shuaibu alizaliwa Saadani mwaka 1966, mtoto wa tatu wa mvuvi na mkaanga samaki. Alifika Kwambonde Machi 1994 akiwa kibarua wa kupakia mawe kwenye tipa. Masika ya mwaka ule shimo lilijaa maji, kresha, mashine ya kuponda mawe, ikasimama wiki mbili, vibarua wote wakarudishwa makwao isipokuwa yeye. Alibaki kwa sababu alionekana akitembea peke yake juu ya ukingo, mvua inamnyeshea, huku akimwaga pumba za mpunga kidogo kidogo kutoka kwenye kiroba. Meneja wa kwanza alidhani ni uganga, akataka afukuzwe. Kumbe mwenzetu alikuwa anatazama pumba zinaelea kuelekea wapi. Alipoitwa kujieleza alisema maji hayaulizwi njia, yanafuatwa. Kesho yake akapewa koleo, watu wanne, na kazi ambayo wakati huo haikuwa hata na jina.

Tangu siku ile, mvua ya kwanza ikidondoka, sisi tunakimbilia kwenye banda la kresha na yeye anatoka. Anaanzia juu kabisa, anashuka na maji hatua kwa hatua hadi bwawani, akirudi amelowa chapachapa na anajua ni mtaro gani umeziba na ni tuta gani limeanza kuliwa. Vijana wa karakana walizoea kusema Mzee kaenda kupokea wageni. Mkewe, Bi Dija, ambaye ni mkulima wa mwani hapo Mlingotini, amewahi kutuambia hapa hapa kazini kwamba yeye hana wasiwasi na wanawake wa mjini, maana mke mwenzake anamjua na ni bwawa.

Kwa wageni ambao hawajui machimbo, kazi yenyewe ni hii. Mlima tuliouvua majani hauwezi kushika udongo wake. Mvua ikipiga, udongo unayeyuka na kushuka, na usiposhikwa unakwenda na kila kilicho mbele yake. Kwa hiyo juu ya shimo kuna mtaro wa kuyazuia maji yasiingie, na chini ya shimo kuna bwawa ambamo maji machafu hutulia hadi tope likae chini, ndipo maji yaliyochujika yaruhusiwe kwenda kwenye kijito. Kijito chetu kinaishia kwenye hori la Mlingotini, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na kwenye hori hilo wanawake wamepiga vigingi vyao na kufunga kamba za mwani. Mwani ukifunikwa na tope hauoni jua, na usipoona jua unaoza.

Mtaro wa juu, mita mia nane, Mzee Shuaibu na watu wake waliuchimba kwa sururu. Nyasi za mizizi mirefu zinazoshika mteremko wa mashariki alizipanda yeye, shina kwa shina, kwa misimu sita. Kuna mwaka alikuja mhandisi kutoka Dar na michoro mizuri ya rangi, mtaro mpya ukionekana kupita nyuma ya kantini. Mzee hakubishana. Alimwomba bwana mkubwa huyo waende wote pale mahali, akasimama mwanzo wa mtaro uliochorwa, akamwaga ndoo moja ya maji. Maji yakageuka, yakarudi, yakamlowesha mhandisi viatu. Wakaenda kula wali maharage, na mchoro ukabadilishwa.

Kisha kuna jiwe. Ukingo wa bwawa umejengewa mawe kwa ndani, safu juu ya safu, na mwaka 2003 Mzee Shuaibu alichagua moja katika safu ya nne kutoka juu, akalipaka chokaa. Sheria yake ilikuwa fupi: tope lisiguse jiwe jeupe. Likikaribia, kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, kiitwe, bwawa lichimbwe. Kila mwaka kabla ya masika alilipaka upya kwa mkono wake, na kila mwaka aliomba kijiko. Mameneja wa mwanzo walikitoa. Hawa wa karibuni walimjibu kuwa kijiko ni cha kupakia mawe kwenye tipa, siyo cha kuchezea tope, na akabaki kuomba kama anaomba chumvi kwa jirani. Hata hivyo kikosi chake kilichimba kwa koleo, na kwa miaka ishirini na moja tope halikuligusa jiwe lile.

Uongozi umeelekeza kwamba wasifu huu uwe wa ukurasa mmoja, uwe wa furaha, na usiguse tukio la Aprili 2024. Mwandishi amejaribu. Ameandika rasimu nne za furaha, na zote nne alizichana, kwa sababu zilikuwa uongo na mwandishi ameshaandika uongo wa kutosha kuhusu mtu huyu.

Basi kuanzia hapa naacha kujiita mwandishi. Ni mimi, Scola Fransisko, karani wa ofisi kuu, mnayenijua nyote.

Jumanne ya tarehe 16 Aprili 2024, Mzee Shuaibu alipigiwa simu kuwa mama yake amefariki Saadani. Aliondoka mchana ule ule. Kabla ya kupanda gari alimwachia kikosi msaidizi wake, Amedeus, mtu mzima, mchapakazi, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa mtu wa mtaro wa juu na bwawani alishuka kwa nadra. Alimwambia neno moja tu la kushika: atazame jiwe jeupe.

Jumatano tukaarifiwa kuwa Jumamosi tutapata mgeni rasmi. Mnajua nchi hii mgeni rasmi akitajwa tunakuwaje. Nyasi zilifyekwa, bendera ikafuliwa, kamati ya mapokezi ikaundwa na mimi nikawekwa mwenyekiti. Na mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, kama ilivyo kuanzia shule ya msingi hadi ofisi kubwa, jambo la kwanza analowaza ni chokaa. Nikaandika tangazo, meneja wa wakati ule akatia sahihi: mawe yote yanayoonekana kutoka barabarani yapakwe chokaa kabla ya Alhamisi jioni. Neno hilo, yote, niliandika mimi. Vibarua wa siku wakapaka mawe ya njia, mawe ya bustani, mawe ya mlingoti wa bendera, na kwa kuwa ukingo wa bwawa unaonekana kutoka barabarani, wakapaka safu nzima ya juu ya bwawa. Nilisimama getini nikatazama, nikaona pamependeza. Nilijipongeza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema wazee. Mgeni alikuja Jumamosi, akapita na gari lake vioo vimefungwa, akasalimiana na uongozi kwa dakika kumi na tano, akaondoka. Bwawa hakulitazama. Jioni yake mvua ikaanza.

Ilinyesha Jumapili nzima na Jumatatu nzima. Amedeus alishuka bwawani, akaona safu ya mawe meupe juu ya tope, akadhani Mzee ameongeza alama kabla ya kuondoka. Mzee Shuaibu alikuwa kwenye matanga ya mama yake, na bado alipiga simu mara tatu kwa siku, akitoka kwenye hitima na kutafuta mahali penye mtandao. Kila mara aliuliza swali lile lile, je, jiwe jeupe linaonekana. Na kila mara Amedeus alimjibu kuwa linaonekana, Mzee, tena linang'aa. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Jiwe lenyewe, lile la safu ya nne, lilikuwa limeshazama kwenye tope tangu Jumapili asubuhi, na juu yake yaling'aa mawe yangu mimi.

Jumanne saa tatu asubuhi ukingo ulikatika. Tope lilishuka kijitoni mchana kutwa, na hori la Mlingotini likageuka rangi ya chai ya maziwa. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Lakini bahari ilipokupwa, kamba za wanawake thelathini na wanne zilikuwa chini ya tope la kufika magotini, mwani wa msimu mzima. Bi Dija alikuwa mmoja wao. Alipoteza kama walivyopoteza wenzake, na hilo nataka lisomwe polepole, kwa sababu baadaye lilisahauliwa.

Mzee alirudi Jumatano, bado amevaa kanzu ya msibani. Alishuka moja kwa moja bwawani. Dirisha langu linatazama kule, kwa hiyo nilimwona. Aliinama kwenye safu ya juu, akakwangua jiwe moja kwa ukucha, akanusa ile chokaa. Akakwangua la pili. Kisha akainua uso akatazama ofisini, na mimi nikajifanya natafuta faili.

Kikao cha nidhamu kilikaa siku tano baadaye. Wajumbe walikuwa sita na mimi nilikuwa katibu. Kila aliyeketi mezani pale alijua nani alipaka mawe yale, maana wote walikuwa wamepita juu ya chokaa hiyo hiyo kwenda kumlaki mgeni. Amedeus alianza kusema kwamba mawe yalikuwa mengi, akaambiwa ajibu anachoulizwa. Mzee akaulizwa kama kuna mtu mwingine aliyegusa alama zake. Akajibu kwamba bwawa ni lake, na kinachotoka bwawani kimetoka mikononi mwake, na kama kuna mtu alikosea basi alikosea kwa kutojua, na kutojua kwake ni kosa la yeye Shuaibu aliyeiweka alama bila kuieleza ofisi. Hakunitazama. Nikaandika kwenye muhtasari: hapakuwa na mtu mwingine aliyehusika. Hakuyasema hayo. Niliyaandika mimi, na siku ile ile nikaitoa nakala ya tangazo langu kwenye jalada, nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba.

Mkataba wangu ulikuwa unaisha Juni. Nina watoto watatu na baba yao yuko kaburini. Nayasema haya si kwa kujitetea, nayasema ili mjue bei niliyomuuzia. Mkataba ulihuishwa.

Barua ya onyo ya mwisho iliandikwa kwa jina la Shuaibu Mwinyikondo, kwa uzembe na kwa kuacha alama zisizoeleweka. Barua nyingine ilipelekwa Mlingotini na kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, ikieleza kuwa maafa yalisababishwa na mfanyakazi mmoja, jina likatajwa. Zote mbili nilizichapa mimi. Aliyeomba kijiko miaka kumi na kunyimwa hakutajwa kuwa aliomba. Walionyima hawakutajwa kabisa.

Wenzangu, nyinyi mlisoma barua ile mkaenda nyumbani. Bi Dija alikuwa anaishi nayo. Kikundi cha mwani kilimwondoa. Akahamisha vigingi vyake ng'ambo ya mikoko, mahali ambapo maji ni haba na mwani unadumaa, na huko analima peke yake hadi leo. Kwenye shughuli haalikwi. Kisimani wanampisha ateke, wanaondoka. Mumewe alipokwenda kuswali Ijumaa, watu waliitikia salamu yake kwa sababu dini inataka, wakaishia hapo. Hapo ndipo anaporudi kuanzia kesho kutwa, kuzeeka, na kuzikwa siku ikifika.

Siku moja baada ya kikao, Mzee alikuja dirishani kwangu. Nikampa shikamoo nikiwa natazama kompyuta. Akaitika marahaba, mwanangu, akaomba fomu ya stoo. Alitaka brashi ya waya. Nikamjazia. Akashuka bwawani, akaanza kukwangua mawe, moja baada ya jingine, tangu saa mbili hadi adhuhuri, chini ya dirisha langu, hadi safu ya juu yote ikarudi rangi yake. Kisha akarudisha brashi stoo na kusaini. Hilo ndilo lalamiko pekee nililowahi kuliona kutoka kwake. Kwa miaka miwili ameendelea kupita dirishani, mimi shikamoo, yeye marahaba, na kila asubuhi nimetamani anitukane.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nakala ya tangazo la chokaa nimeibana nyuma ya kila programu mliyoshika mkononi, pamoja na ukurasa wa muhtasari ambao ni uongo wangu, na orodha ya maombi kumi na moja ya kijiko yenye sahihi za waliokataa. Programu hizi nimezichapa mwenyewe na hakuna aliyezipitia. Sahihi iliyo chini ya tangazo ni ya meneja ambaye sasa yuko machimbo mengine na, nasikia, amepandishwa cheo. Kama uongozi unahitaji barua mpya ya onyo, jina liwe langu, na hata kuichapa naweza, maana hiyo ndiyo kazi yangu.

Mgeni wetu wa safu ya tatu, mwenye kanga ya bluu, ni Bi Ashatu, mwenyekiti wa kikundi cha mwani cha Mlingotini. Nilimwalika mimi. Nilikwenda kwake Jumapili baada ya misa, nikamweleza yote haya nimesimama mlangoni, na hakunikaribisha ndani, na alikuwa na haki. Aliniambia maneno ya mlangoni hayatoshi, kwa sababu yale ya kwanza yalibandikwa ubaoni. Kwa hiyo Bi Ashatu, hii hapa karatasi. Ipeleke ukaibandike palepale. Na Bi Dija usimsamehe, dada, maana hana kosa la kusamehewa. Mrudishieni mahali pake tu.

Baada ya kusoma haya, pengine mtataka kujua Mzee Shuaibu amesema nini. Hajasema lolote, kwa sababu hajui. Anayasoma sasa hivi pamoja nanyi, na macho yake siku hizi hayaendi haraka, kwa hiyo naomba msipige makofi hadi amalize.

Mzee wangu, ahsante kwa mtaro wa juu, kwa nyasi za mashariki, na kwa miaka ishirini na moja ya maji masafi ambayo hakuna aliyewahi kukushukuru, kwa kuwa hayakumdhuru mtu. Amedeus sasa anaijua safu ya nne, na kila mwaka kabla ya masika nitashuka naye, kopo la chokaa mkononi, tupake jiwe moja tu. Wafanyakazi wote wa Kwambonde tunakuombea afya, usingizi mwema, na kiti chako barazani kwa majirani. Mwavuli ule mpe utakayemwona anafaa. Mvua za vuli zikianza, kaa ndani na Bi Dija mnywe chai. Zamu hii tutatoka sisi.